Kuanzia Yalikokomea Maji

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Jumamosi iliyopita nilifungua mlango wa mashine ya kuoshea vyombo, ile niliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa ajili ya mgahawa wangu mdogo hapa mjini Lushoto, nikakuta maji yamesimama chini. Yalikuwa ya kijivu, yana utando wa mafuta juu, na yananuka kama ndoo iliyosahauliwa nyuma ya jiko. Kabla sijafikiri lolote, mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nikamwita Mama Pili, mwanamke mtu mzima ambaye huu ni mwaka wake wa nne kufanya kazi nami, nikamwuliza kwa sauti ambayo hata wateja wa meza za mbele waliisikia: "Umeweka nini humu ndani?"

Akaniangalia, akasema, "Sijaweka kitu, dada." Kisha akachukua karai la viazi akatoka kwenda kumenya nje, mgongo umenyooka kama wa mtu aliyeonewa.

Nikabaki nimechuchumaa mbele ya yale maji. Ninajijua, hasira zangu ziko karibu na hazipigi hodi. Lakini ile harufu iliniingia puani ikakataa kutoka, na kabla sijasimama nilikuwa na miaka minane au tisa, niko kwenye jiko jingine, mbele ya mashine nyingine, na mama yangu amepiga magoti sakafuni, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Mama tulimzika mwezi uliopita. Waliotoka mazikoni walikunywa chai hapa hapa mgahawani, na vyombo vya siku ile niliviosha mwenyewe, nilikataa kusaidiwa. Tangu siku hiyo sikuwa nimemkumbuka vizuri. Nilikuwa nikimkumbuka mgonjwa tu. Harufu ya maji machafu ndiyo iliyomrudisha akiwa mzima.

Alikuwa akifanya kazi kwenye hosteli moja ya wageni juu ya mji, kwenye barabara ya kwenda Magamba, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila kubisha. Watu walimwita Mama Yona, kwa jina la kaka yangu mkubwa aliyekuwa akisoma bweni. Kazi yake ilikuwa vyombo. Aliviosha kwenye mabeseni matatu, la kwanza la kuondoa mabaki, la pili la sabuni, la tatu la kusuuza, na masufuria aliyasugua kwa majivu kama alivyofundishwa kwao. Miezi ya baridi vidole vyake vilipasuka, na jioni nilimpaka mafuta mpasuko mmoja mmoja, yeye akiuma meno na kuniambia nisicheke. Nilikuwa sicheki.

Siku moja mashine ikaletwa. Wageni wawili wazee waliokuwa wamepanga nyumba ya jirani walikuwa wanarudi kwao, wakaiachia hosteli. Wanaume wanne waliibeba kuingia jikoni, na Bi Rukia akawa anawaelekeza. Bi Rukia ndiye aliyekuwa meneja. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, khanga zake zilinukia udi hata kwenye ukungu wetu, na ulimi wake uliweza kukukata huku ukikubembeleza.

"Haya, Mama Yona," alisema, "mikono yako sasa imepata mwenzake. Kazi ya asubuhi nzima, hii inaimaliza kabla chai haijapoa."

Wote walicheka, na mama akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu. Jirani yetu alikuwa mpasuaji mbao kule Shume. Kiwanda kilipoleta msumeno mkubwa wa umeme, yeye na wenzake walirudishwa nyumbani, na watoto wake wakaacha kuja shule na viatu. Nilijua basi mashine inakuja kufanya nini. Na kwa kuwa nyumbani kwetu kila jioni, baada ya sala ya Baba Yetu, kila mtu aliongeza ombi lake kimoyomoyo, nilianza kuongeza la kwangu. Sikuzunguka. Nilisema: Mungu, iue ile mashine. Amina.

Mama, kwa upande wake, aliipokea mashine kama mtu anavyopokea mgeni asiyejua lugha yake. Wiki ya kwanza aliosha vyombo vyote kwa mkono kabla ya kuviingiza ndani. Bi Rukia alipomwuliza kwa nini anafanya kazi mara mbili, alisema haoni vizuri kumpa mwenzake vyombo vichafu. Baadaye alizoea. Aliivutia kigoda, akakaa, akaisikiliza. Mashine ilianza kwa mlio wa kumeza, kisha kimya kidogo, kisha shwaa, shwaa, shwaa, mvua inayozunguka ndani ya sanduku. Mama alinionyesha mashine ikiwa imezimwa: mna mikono miwili ya plastiki, mmoja chini na mmoja juu, kila mmoja mrefu kama rula ya mwalimu, yenye vitundu. Maji yakisukumwa hutoka kwa vitundu vile kwa upande, na nguvu yao yenyewe ndiyo inayouzungusha mkono.

"Kama ule mpira wa kumwagilia vitalu vya kabichi," alisema. "Hakuna anayeuzungusha. Mazi yenyewe." Mazi ni maji kwa Kishambaa, na mama alipofurahishwa na maji aliyaita hivyo.

Shida ilianza unga wa sabuni ya mashine ulipokwisha. Ulitoka mbali, na mzigo mpya ulichelewa. Bi Rukia alisema, "Tumieni akili mpaka ufike." Mama akatumia akili. Alichukua majivu ya kuni za miwati, akayachekecha kwa kitambaa mara tatu mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto mchanga, akayaweka pale unga unapowekwa. Nanyi mliolelewa na majivu kama mimi mnajua kwamba hakukosea sana, maana hakuna kitu kinachokata mafuta kama majivu. Siku tatu za kwanza glasi zilitoka zinang'aa hata Bi Rukia akainua moja dirishani akasema mashallah.

Siku ya tano vikombe vya juu vilitoka vina michirizi. Siku ya saba shule ilifungwa, nikaenda kumfuata mama jikoni, nikakuta vyombo vimetoka na uji wao vile vile. Ya nane, mlango ulipofunguliwa, maji yalikuwa yamesimama chini, ya kijivu, yananuka. Mashine ilinguruma bila kuyatoa, kisha ikakaa kimya.

Wote walikuwa wakiishangaa. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukuta. Nilijua nani ameiua. Ombi langu lilikuwa limefika.

Fundi aliitwa kutoka mjini, yule aliyekuwa akitengeneza mafriji. Alifungua mlango, akachovya kidole kwenye yale maji, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Hakugusa kingine. "Hii mmeiua wenyewe," alisema. "Majivu! Majivu kwenye mashine ya watu! Pampu imekwisha hii. Na pampu yake Lushoto huipati, Tanga huipati. Labda Dar, na Dar penyewe kwa bahati."

Alipoondoka, Bi Rukia alisimama katikati ya jiko akipangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Mama Yona, mimi nilisema utumie akili, sikusema utumie majivu. Ijumaa nina wageni arobaini wa semina. Watakapoondoka Jumapili, mimi na wewe itabidi tuagane. Siwezi kumwambia mwenye mali kwamba mashine imekufa na hakuna aliyeiua."

Nilimwangalia mama. Nilitegemea alie, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu kulia. Alikuwa akiyatazama yale maji tu.

"Nimesikia, Bi Rukia," alisema. "Naomba kesho. Niachie mashine asubuhi, usimwite mtu na usimtaje mtu. Jua likiwa juu nitakuita nikuonyeshe nilichokiona."

"Utaona nini, mwenzangu, na wewe si fundi?"

"Mashine siijui. Maji nayajua."

Asubuhi yake tulipanda barabara pamoja, plamsi zikiwa zimeiva pande zote mbili, ukungu umekaa kwenye miti. Mama alikuwa ameichomeka kwenye pindo la kitenge sindano ya kushonea magunia, ile ndefu iliyopinda kichwa. Nilimwuliza kitu kilichonisumbua usiku kucha. Nilimwambia, mama, si uiache tu ife? Ikifa watakurudishia mabeseni yako.

"Kazi ni yao," alisema. "Wakitaka wataichukua, leo au mwakani. Jina ni langu. Hilo siwaachii."

Kisha akanieleza habari ya mfereji. Baba yake alikuwa msimamizi wa mfereji wa maji huko kwao upande wa Mlalo, mfereji mmoja unaonywesha mashamba ya watu wengi kwa zamu. Maji yakikatika, kila mtu humnyooshea kidole aliye juu yake: fulani kayaziba, fulani kaiba zamu. Kwa hiyo walikuwa na sheria. Maji yakikatika, hakuna jina la mtu linalotajwa mpaka mfereji utembelewe wote, na hutembelewa kuanzia yalikokomea maji, kwenye shamba lililokauka, kupanda juu. Unachokitoa mferejini, iwe jiwe, iwe gogo, iwe tambara, unakiweka ukingoni wote wakione. Mwisho watu hukusanyika, na kila mmoja hutaja lililo lake. La mwenzako hulitaji. Maji hayafunguliwi kabla ya hapo.

"Na mtu akinyamaza?" niliuliza.

"Akinyamaza, amenyamaza. Lakini atakunywa maji yale yale na watu wanaojua."

Jikoni, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya kwenye umeme. Cha pili, akayachota yale maji kwa kikombe mpaka ndoo ikajaa. Kisha, badala ya kuishika mashine, akatoka nje. Bomba la maji machafu lilipita ukutani likaenda kumwaga chini ya migomba nyuma ya jiko. Akaniweka pale. "Huu ndio mkia," alisema. "Kaa hapa. Mazi yakija, piga kelele." Akarudi ndani akamwaga ndoo nzima ya maji safi kwenye sinki.

Nilichuchumaa mbele ya lile bomba nikilitazama kama mtu anayesubiri nyoka atoke shimoni. Likakohoa, likatema jani, kisha maji yakaniruka miguuni. "Yamekuja!" nikapiga kelele, na kutoka dirishani mama akajibu, "Basi mkia ni mzima. Njoo ndani."

Kutoka sinki tukafuata mpira mweupe wenye mikunjo, ule unaotoa maji machafu kwenye mashine. Ulipita nyuma ya friza kubwa. Mama alichungulia, akaguna. Alitoa mifuko ya plamsi iliyokuwa ndani ya friza mmoja mmoja ili liwe jepesi, akaweka bega, akalisukuma. Nami nikasukuma, kama sisimizi anayesaidia ng'ombe. Friza liliposogea tuliuona mpira: umelala bapa ukutani, umepata kidonda cha mkunjo ambapo kona ya friza ilikuwa imeuegemea. Hata pumzi isingepita. Mama aliuchomoa, akauloweka kwenye maji ya moto, akaukandakanda mpaka ukarudi kuwa duara, kisha akaupandisha juu na kuufunga kwa kamba chini ya meza kabla haujashuka kwenda sinki. Wale wageni wazee walikuwa wameuweka hivyo tangu mwanzo, alisema, alama ya kamba yao bado ilikuwapo kwenye mpira.

Hakusema ni nani aliyelisogeza friza. Wala hakuniuliza kama najua. Sakafuni kulikuwa na mchirizo mweupe, nusu duara, pale miguu ya friza ilipoburutwa.

Halafu akageukia mashine yenyewe. Alitoa kapu la chini, akazungusha chujio lililo katikati ya sakafu ya mashine, likatoka na uchafu wake: kokwa mbili za plamsi, maganda ya maharage, karatasi ya chupa ya jemu iliyokuwa imegeuka kuwa ugali. Kila kitu alikiweka kwenye sinia kubwa juu ya meza, kwa mpangilio, kama mwuzaji anayepanga genge. Chini ya chujio kulikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kifuniko kidogo. Alikiondoa kwa ncha ya kisu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. Hapo ndipo ile sura yake iliponikaa kichwani maisha yangu yote.

"Kuna kifeni humu," alisema taratibu. "Kinazunguka. Kizito kidogo, lakini kinazunguka." Akafumbua macho akanitazama. "Pampu haijafa."

Niliketi sakafuni. Sijui niwaelezeje nilichosikia. Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja, kwa sababu kama haijafa basi Mungu bado hajaamua, na mimi nilikuwa sijalifuta ombi langu. Nililifuta pale pale, chini ya meza, haraka haraka, bila hata kufunga macho.

Mwisho ikawa zamu ya ile mikono ya plastiki. Wa chini aliuchomoa akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akapuliza, ukapitisha. Wa juu ulikuwa mzito mkononi. Aliutikisa nao ukalia kama kayamba. Alichukua sindano ya magunia akaanza kutoboa kitundu cha kwanza, na kilichotoka hakikuwa mbegu wala ganda. Ilikuwa majivu, yamegandana, magumu kama chokaa. Kitundu kimoja, viwili, vyote. Alimimina siki ya moto ndani, akatikisa, akamwaga, akatoboa tena, akamwaga tena, na kila alichokitoa alikikusanya kwenye sahani ndogo mpaka kikawa kilima cha kijivu cha kutosha kujaza kikombe cha kahawa. Kisha akauweka mkono chini ya koki, na maji yakatoka kwa vitundu vyote, nyuzi nyembamba zinazopinda upande mmoja. Akatabasamu. Ile sahani ya majivu akaiweka kwenye sinia, mwisho wa mstari.

Alitoka kwenda kunawa na kumwita Bi Rukia. Nikabaki na sinia peke yangu.

Niliitazama ile sahani. Vitu vingine vyote pale vilikuwa vya watu wote, kokwa ni za watu wote, karatasi ya jemu ni ya yeyote. Majivu yalikuwa ya mama peke yake. Fundi alisema majivu, Bi Rukia alisema majivu, na sasa mama mwenyewe ameyapanga mezani kama ushahidi wa kesi yake. Nilimwona mjinga. Nasema kweli, nilimpenda mama yangu na nilimwona mjinga. Nikaichukua sahani, nikakimbia hadi kwenye migomba, nikayamwaga, nikaifuta sahani kwa gauni langu na kuirudisha kabatini.

Waliingia pamoja. Mama aliitupia macho sinia, akaona pengo, akanitazama gauni, kisha akageuka kwa Bi Rukia kana kwamba hakuna kilichopungua.

"Naanzia mkiani," alisema. "Bomba la nje ni zima. Mpira ulibanwa na friza, maji yakakosa njia. Pampu ni nzima, naizungusha kwa kidole. Kwenye chujio kulikuwa na hivi unavyoviona. Na mkono wa juu ulizibwa na majivu, ndiyo maana vyombo vilikuwa vinatoka na uji. Majivu ni yangu. Niliyachekecha mimi, nikayaweka mimi, hakuna aliyenituma."

Bi Rukia aliinamia sinia. "Hayo majivu yenyewe yako wapi?"

Mama hakunitazama kwa ukali wala hakunikonyeza. Aliacha tu swali lisimame pale jikoni, na nikaelewa kwamba halimhusu yeye. Mficha maradhi kilio humfichua.

"Nimeyamwaga mimi," nikasema. "Shikamoo." Sijui shikamoo ilitoka wapi, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. "Nimeyamwaga kwenye migomba ili usiyaone, usimfukuze mama. Na mashine siyo mama aliyeiua. Ni mimi. Niliomba Mungu."

"Uliomba nini, mwanangu?"

"Ife. Kila jioni. Isimchukulie mama kazi."

Nilisikia mama akivuta pumzi. Hilo alikuwa halijui. Nilingoja Bi Rukia acheke, maana watu wazima hucheka mambo kama hayo, kisha huyasimulia kwa wageni. Hakucheka. Alivuta kreti la soda akaketi, akajitanda khanga upya, akawa anatazama sakafu. Nilifuata macho yake. Alikuwa akiutazama ule mchirizo mweupe.

"Friza nililisukuma mimi," alisema. "Wiki ile plamsi zilipozidi, nilitaka nafasi ya meza. Nilimwita mlinzi tukalisukuma wote wawili. Nikasikia kitu kinaminyika huko nyuma, nikajiambia ni ukuta." Akatikisa kichwa. "Na jana nimesimama hapa hapa nikamfukuza mtu."

Mama hakusema nilikuambia, wala hakusema usijali. Alifanya kama wanavyofanya kwao watu wakishamaliza kutaja yao. "Basi tufungulie maji," alisema.

Aliurudisha mkono wa juu, akaielekeza ncha yake mlangoni, akafunga, akawasha. Tukasikiliza. Kumeza. Kimya. Kisha shwaa, shwaa, shwaa, mvua ya duara imerudi. Baada ya muda aliifungua kidogo: ncha ya mkono ilikuwa imehamia kona ya nyuma. Akafunga tena, akanitazama, na sikuhitaji kuambiwa. Nilikimbia nje nikachuchumaa kwenye mdomo wa bomba. Nilisubiri mpaka magoti yakauma. Bomba likakohoa, na maji ya moto yakamwagika kwenye miguu ya migomba, juu ya majivu niliyoyatupa, yakayachukua.

"Yamekuja!" nilipiga kelele, na dirishani safari hii zilinijibu sauti mbili.

Mama alibaki kwenye hosteli ile mpaka alipochoka mwenyewe. Wageni walipokuwa wengi mashine iliosha sahani, yeye akaosha masufuria, na unga ulipochelewa waliosha kwa mikono wote, Bi Rukia naye akiwa amekunja mikono ya gauni. Jioni ya siku ile, tukishuka kwenda nyumbani, nilimwuliza mama kama Mungu amenikasirikia.

"Kuna maombi anayaacha yakwame njiani," alisema. "Mshukuru kwa hilo." Kisha akanichomekea ile sindano ya magunia kwenye kola ya gauni, kwa utani, kama mtu anayevishwa medali. Iko kwenye droo yangu ya visu mpaka leo.

Basi Jumamosi iliyopita, baada ya kuchuchumaa vya kutosha mbele ya maji yangu mwenyewe, nilichomoa waya kwenye umeme. Nikaenda nje mpaka kwenye mkia wa bomba, nikapita pembeni ya Mama Pili na viazi vyake, yeye akiendelea kumenya. Bomba zima. Mpira mzima. Chujio lina vijiti vya meno, vya wateja wote. Nikaondoa kifuniko cha kishimo nikaingiza mkono, nikafumba macho kama alivyofumba yeye, nikakitafuta kifeni. Kilikuwa kimekwama. Pembeni yake kulikuwa na kitu chembamba, chenye makali, na kilinikata kidogo nilipokitoa.

Kilikuwa kipande cha glasi, kimoja, kimepinda, kina maua ya bluu pembeni. Seti ile ya glasi za maua ya bluu ilikuwa ya mama, na niliileta hapa siku ya mazishi ili watu wanywee. Glasi moja ilinivunjikia mkononi nikiipanga ndani ya mashine, macho yakiwa hayaoni vizuri. Nilikusanya vipande nikavifunga kwenye gazeti, nikajiambia nimevikusanya vyote, na sikumwambia mtu.

Nilikiweka kwenye sinia, pamoja na vile vijiti vya meno. Nikafuta damu kwenye kidole, nikaibeba sinia mpaka mlango wa nyuma, mbele ya wateja wale wale.

"Mama Pili," nikaita, "njoo uone kabla sijafungulia maji. Hiki ni changu."